Kicheko cha Koko Koulsoum

Kila asubuhi Hayrat alitoka nyumbani kwa mjomba wake, mtaa wa Mahabibo, kwenda hospitali, akibeba uji wa mchele kichwani na birika la maji mkononi. Uji ulikuwa wa bibi yake kunywa. Maji yalikuwa ya bibi yake kutawadha, kwa sababu Koko, kama wajukuu wote walivyomwita, hakuyaamini maji ya bomba la hospitali. Wala hakuuamini uji wa hospitali, wala kitanda, wala paka aliyelala chini ya kitanda.

Koko Koulsoum alikuwa mwalimu wa Kurani kule Marodoka, kisiwani Nosy Be. Watu wazima wengi wa pale waliwahi kufinywa masikio naye. Mwaka ule, wa tatu tangu nchi ipate uhuru, figo zake zilichoka, uso ukavimba, akaletwa Mahajanga kwa meli. Daktari alimtia mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono wa kushoto ili dawa iingie moja kwa moja kwenye damu. Nesi Echata akaufunika kwa chachi safi na bandeji.

"Hapa hapaguswi na hapaloweshwi," alisema Echata. "Mrija huu ni mlango wa damu. Uchafu ukiingia hapa haubaki mkononi, unazunguka mwili mzima."

"Nimesikia, mwanangu," alijibu Koko, kwa sauti ya mtu ambaye hakusikia.

Daktari alimwahidi kwamba asipopata homa mpaka Alhamisi, atatolewa mrija apande meli ya kurudi Nosy Be. Jumamosi ilikuwa harusi ya mjukuu wake Mariama. Hayrat naye alikuwa ameshonewa gauni la harusi hiyo, gauni lake la kwanza ambalo halikuvaliwa kwanza na dada yake.

Lakini kila wakati wa sala ulipofika, Koko alimsimamisha Hayrat mbele ya kitanda kama pazia. Kisha alifungua bandeji, akaosha mkono mpaka kiwiko, akaifunga tena akiivuta kwa meno.

"Koko, nesi alisema..."

"Nesi ndiye atakayenijibia kaburini? Mimina maji. Na mdomo wako uufunge vizuri kuliko bandeji hii."

Hayrat akamimina.

Jumanne mchana mjomba Djaanfar alikuja kumwona mama yake. Djaanfar alikuwa fundi viatu, na alipenda sana kuhadithia kisa cha mbuzi wa Ankify, pale mashua za Nosy Be zinapopakia watu. Ukoo mzima ulikijua kisa hicho. Hakuna aliyewahi kukicheka, na mama yake ndiye aliyekichoka kuliko wote.

"Basi mbuzi akaona mashua inaondoka," alianza Djaanfar. Nesi alikuwa ametoka tu kubadilisha chupa ya dripu. Kabla mbuzi hajafanya lolote, Koko akaanza kucheka. Mabega yalitikisika, meno yaligongana, kitanda kikalia kama mlango mkuukuu.

Djaanfar alishangaa. "Mama, bado sijafika penye kuchekesha."

"E-e-endelea, mwanangu," alisema Koko, akivuta shuka mpaka kidevuni. "Utaniua."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akamcheka Koko. Wa tatu akamcheka wa pili. Punde wodi nzima ilikuwa inacheka, na Djaanfar akasimama ili aonekane vizuri, akaanza upya, safari hii kwa sauti ya mbuzi mwenyewe.

Hayrat hakucheka. Alikumbuka kwamba asubuhi pia, chupa ilipowekwa, Koko alitikisika vilevile akasema amekumbuka jambo la kuchekesha. Akamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Bandeji ilikuwa imelowa, na ngozi ya pembeni imekuwa nyekundu.

"Koko, hiki si kicheko."

"Nyamaza," alinong'ona Koko. "Meli ni Alhamisi. Fikiria harusi. Fikiria gauni lako."

Hayrat alilifikiria gauni. Kisha akaitazama midomo ya bibi yake, akaiona imepauka. Akatoka mbio.

"Nesi, Koko anacheka."

Echata alisikiliza kelele za wodini. "Mbona wote wanacheka?"

"Nesi, mjomba wangu hachekeshi. Koko anatetemeka, mwili unamuwaka. Na ile bandeji tunaifungua kila sala. Maji namimina mimi."

Echata hakungoja zaidi. Aliifunga dripu, akamwita daktari. Walimtoa Koko damu ya kupima, wakauchomoa mrija ule, wakaanza kumpa dawa kali kwa sindano kwenye mkono mwingine. Djaanfar alitolewa nje, mbuzi wake akiwa bado hajaruka.

Meli ya Alhamisi iliondoka bila wao. Koko hakuijua Alhamisi wala Ijumaa, maana homa ilimfanya aite majina ya wanafunzi wake wa zamani. Mariama alipokuwa anaolewa Marodoka, ndipo Koko alifumbua macho, akaomba uji.

"Kama mtoto huyu angenyamaza siku moja zaidi," Echata alimwambia, "uji huu usingekuwa na mnywaji. Vijidudu viliingia na maji, vikapita mrijani mpaka kwenye damu."

Koko alimgeukia mjukuu wake. "Hayrat. Mtu mwenye bandeji anatawadhaje?"

"Anaosha palipo pazima, anapaka maji juu ya bandeji. Akikatazwa maji kabisa, anatayamamu kwa udongo safi."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe, Koko."

"Na anayelisahau hilo darasani, namfanya nini?"

"Unamfinya sikio."

"Haya, sogea."

Hayrat akasogeza sikio lake, amefumba macho.

"Si lako," alisema Koko. "Finya langu."

Hayrat akalifinya, taratibu sana. Echata akageuka upande kuficha uso wake.

"Niliona ruhusa ya Mungu ni ya wavivu," alisema Koko. "Kumbe ni ya wagonjwa, na mgonjwa nilikuwa mimi. Nawe shika hili: anayekutibu mweleze kila kitu. Siri inayoficha ugonjwa usiitunze, hata uliyopewa na bibi yako. Gauni utalivaa Idi."

Siku ile ile Djaanfar alirudi. Alikaa, akakohoa, akaanza tena. Mbuzi akaiona mashua, akaruka, akatumbukia majini, na nahodha akamrudia akidhani ni abiria. Djaanfar akasubiri.

Koko alimtazama kwa macho makavu. "Umemaliza?"

Hayrat akashusha pumzi. Bibi yake alikuwa amepona.