Diski Iliyonuka Ndagala

Kompyuta ilisema imemaliza, lakini taa ya diski iliyochomekwa kwa kamba haikuacha kupepesa.

Léonie alikuwa amehamishia humo sauti zote alizotumiwa na mama yake kutoka kwao Uvira, Kongo: baraka, maombi, umbea wa sokoni. Mama alikuwa amefariki juma lile, mipaka ya Australia imefungwa kwa Korona, na Léonie alimzika kwa kutazama simu, amesimama jikoni kwake Rooty Hill. Zilizobaki ni sauti tu. Kompyuta ilipomwambia tayari, aliiamini, akazifuta kwenye simu iliyokuwa imejaa.

"Symphorien," alimnong'oneza mumewe, "sikia. Inakwaruza."

Kweli ilikwaruza, kama kucha kwenye sufuria. Kisha ikaja harufu ya ndagala wanaoanikwa juani, samaki ambao mama yake aliwauza maisha yake yote, na nyumba ile haikuwa imepika samaki tangu lockdown ianze. Harufu ikapita sebuleni, ikaingia chumbani, ikarudi kusimama nyuma ya kiti cha Léonie, na taa ikazidi kupepesa ingawa hakuna mkono uliogusa kitu.

"Hii ni jini," Symphorien alisema. "Pigia Mama Marie-Jeanne, sasa hivi."

Marie-Jeanne, kiongozi wa kikundi chao cha maombi, alikuwa amefungiwa kwake Parramatta akiombea watu kwa video. Walimweleza yote, akaiona ile taa, akapaza sauti.

"Ni pepo amevaa sauti ya marehemu! Ng'oa kamba ya hiyo diski! Toka! Kwa jina la Yesu, toka!"

Léonie akaichomoa. Taa ikazimika, harufu ikakatika, wakaimba kwa shukrani. Mimi siwalaumu, nani asingeichomoa?

Jioni alitamani kumsikia mama, akaichomeka diski tena. Majina ya sauti yalikuwepo yote, ndani hamna kitu. Akampigia Déo, fundi wa kompyuta.

"Pole, dada," Déo alisema kwa upole. "Computer ikisema finished, vitu bado viko mu memory yake. Inaviandika mu disque polepole. Ile taa ilikuwa inaandika. Ilifaa ungoje, ufanye eject kwanza, ndipo uchomoe."

Léonie alilia mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa amempoteza mama mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Déo aliingia kwenye kompyuta yao kwa mbali, akahangaika sana, akaokoa kipande kimoja. Mke na mume wakakisikiliza wamekaa sakafuni. Alisikika Marie-Jeanne akipiga kelele, "Toka!", na maombi yale hakuna aliyeyarekodi. Halafu akasikika mama, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyefungiwa mlango.

"Léonie, mwanangu, ngoja kidogo. Nilikuwa bado naingia."