Vibarua wa Mama

Kila Jumamosi asubuhi, mama aligeuza lundo lake la mboji nyuma ya nyumba. Mboji ni mbolea ya maganda na majani yaliyooza. Alishika jembe uma, akainama, akawasalimu nyungunyungu: "Hamjambo, vibarua wangu?" Sisi watoto tulimcheka. Leo natamani nimcheke tena.

Mama alipofariki, nilibaki katika nyumba ile na mume wangu na cherehani yangu. Sikutaka lundo liguswe. Nililifunika kwa nailoni, nikaikaza kwa matofali. Maganda ya jikoni niliyasukumia chini ya pembe moja, kisha nikafunika upesi. Nilidhani namtunzia mama kazi yake.

Baada ya miezi miwili lilinuka. Nzi walijaa. Wateja walipimwa nguo huku wameziba pua. Mume wangu alivumilia wee, mwisho akasema Jumamosi atalizoa lote akalitupe jalalani. Nililia. Kwangu ilikuwa kumzika mama mara ya pili.

Ijumaa nilimwita jirani yetu, mtunza bustani wa shule. Alifunua nailoni, akarudi nyuma hatua mbili. Akauliza liligeuzwa lini mara ya mwisho. Nikamjibu, alipokuwa hai mama.

"Dada, umelinyima pumzi," alisema. "Humu mna viumbe wadogo, hata huwaoni kwa macho. Hao ndio wanaoanza kuozesha, na lundo linapata joto. Likipoa, wanakuja jongoo na nyungunyungu kumalizia. Wote wanataka hewa. Wakiikosa, wanabaki wale wa uvundo tu."

"Nilikuwa namhifadhia mama."

"Mama yako hakulihifadhi. Alikuwa analigeuza."

Maneno yalinichoma, lakini yalikuwa kweli.

Nilimwomba mume wangu miezi mitatu. Alikubali shingo upande. Jirani akatuonyesha: kila tabaka la maganda, tabaka nene la majani makavu. Nyama na mafuta visitiwe, vinaita panya. Kila Jumamosi ligeuzwe. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Hapo mimi fundi sikuhitaji maelezo. Tukafunika kwa gunia, maana gunia linapitisha hewa.

Wiki moja baadaye mume wangu aliingiza mkono ndani, akautoa haraka. Lilikuwa la moto. Tangu siku hiyo akawa halali bila kwenda kulichungulia, na mimi nikamtania kwamba ameniletea mke mwenza.

Miezi mitatu ilipotimia mboji ilikuwa tayari: nyeusi, laini, haina harufu mbaya hata kidogo. Niliichota kwa viganja. Ilinukia udongo uliopata mvua. Ilinukia mikono ya mama.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nashona. Nikasikia jembe uma likigeuza lundo jipya nyuma ya nyumba, kisha sauti ya mume wangu, ya chini, kama mtu anayeona haya: "Hamjambo, vibarua?"

Nilisimamisha cherehani. Nikacheka kama zamani, mpaka machozi yakanitoka.