Kinyozi Aliyeona Haya Kuomba Ruzuku

Kila asubuhi Kinyozi alifungua duka lake mapema. Alifagia sakafu, akafuta kioo, akapanga vitana na mashine za kunyolea. Kisha alitoka nje na fagio lingine. Hilo lilikuwa la kufagia vipande vya lipu vilivyoanguka kutoka ukutani. Alifagia haraka haraka huku akitazama kushoto na kulia. Hakutaka majirani wamwone.

Nyumba yao ilikuwa ya kale. Aliijenga babu wa marehemu baba yake, kwa mawe na chokaa. Chini palikuwa na duka la kunyoa na jiko. Juu waliishi Kinyozi, mkewe na mama yake mzazi. Juu ya mlango wa duka kulikuwa na roshani ya mbao zilizochongwa maua. Zamani wapita njia walisimama kuitazama. Sasa roshani ilikuwa imeinama upande mmoja kama kofia ya mlevi.

Miaka michache kabla ya hapo, ukuta wa mbele ulianza kuonyesha unyevu. Kinyozi alinunua saruji, akaupiga lipu mwenyewe. Ukapendeza. Mvua zilipokuja, madoa yakarudi. Akapaka rangi. Madoa yakatokeza tena, na safari hii yaliingia mpaka chumbani kwa mama yake. Mama akawa analala na kukohoa. Wateja walipouliza, Kinyozi alileta utani.

"Nyumba yangu inatoka jasho," alisema. "Inafanya kazi kuliko nyinyi."

Ng'ambo ya barabara aliishi mama mmoja mwenye duka la dawa. Nyumba yake nayo ilikuwa ya kale, lakini ilikuwa imekarabatiwa vizuri. Siku moja alivuka barabara akaja kwa Kinyozi.

"Jirani," alisema, "halmashauri ya mji inatoa ruzuku kwa wenye majengo ya kale. Mimi nilipata. Na wewe peleka ombi."

"Ruzuku ndiyo nini? Mkopo?"

"Si mkopo. Ni fedha za kusaidia ukarabati. Hurudishi."

Kinyozi alikung'uta shuka la kunyolea. "Ahsante, mama. Mikono yangu mizima. Sijafika mahali pa kuombaomba."

Mama yule aliaga akaondoka. Hata hajafika ng'ambo, Kinyozi akawageukia wateja. "Mmemwona Mama Msaada? Nyumba kaijenga kwa bakuli!"

Wateja wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo, mle dukani mama wa duka la dawa hakuwa na jina jingine.

Msimu wa mvua ulipita, jua kali likafuata. Asubuhi moja Kinyozi alikuwa akimnyoa dereva wa lori. Amefika nusu ya kichwa. Mara kikasikika kishindo nje, kisha ukelele wa mwanamke.

Kinyozi alitoka mbio, mashine ingali mkononi. Bonge la lipu ya saruji lilikuwa limebanduka ukutani. Lilikuwa limemwangukia muuza mboga aliyekuwa akipita na beseni lake. Nyanya zilitapakaa barabarani. Mama wa watu alikuwa amekaa chini, ameshika bega, na damu ikimchuruzika mkononi.

"Mama, nisamehe! Umeumia?"

"Unaniuliza kama nimeumia?" muuza mboga alisema huku akilia. "Mwanangu, nyumba yako inataka kuniua!"

Watu wakajaa. Dereva wa lori naye akatoka, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ina nywele. Siku nyingine watu wangecheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Mwenye duka la dawa alivuka barabara na pamba na bendeji. Alimfunga muuza mboga kidonda, akamwitia gari la kumpeleka hospitali. Hakumtazama Kinyozi hata mara moja. Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hospitalini walikuta mfupa wa bega umepata ufa. Kinyozi aligharamia matibabu. Alipokwenda kumjulia hali, alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani, akashindwa kuingia.

Siku ya pili wafanyakazi wa halmashauri walikuja. Walizungushia utepe mbele ya nyumba, wakabandika notisi kubwa mlangoni: HATARI. JENGO BOVU. USIPITE KARIBU. Kila mpita njia alisimama, akasoma, akatazama juu, kisha akamtazama Kinyozi. Wateja wakapungua. Waliobaki waliingia kwa mlango wa nyuma, kupitia jikoni, wakinong'ona kama wamekuja msibani.

Kinyozi hakustahimili. Alichukua taulo la dukani akalitundika juu ya notisi ile.

Mkewe alirudi sokoni, akaliona. Akalivuta.

"Unafanya nini?" aliuliza Kinyozi. "Liache!"

"Wewe ndiye unafanya nini? Mtoto wa mtu akipita hapa asijue kuna hatari, akaangukiwa, utamfunika na yeye taulo?"

Kinyozi akalipokea taulo, akalikunja.

"Mume wangu," mkewe alisema kwa sauti ya chini, "mimi pia naona aibu. Sokoni watu wananiuliza habari za nyumba kabla hawajanisalimu. Lakini aibu haijengi ukuta. Nenda kwa jirani ukamuulize ile ruzuku."

"Kwa yule? Nitamtazamaje usoni?"

"Hivyo hivyo, kwa macho yako mawili."

Jioni hiyo Kinyozi alivuka barabara. Alisubiri wateja wote watoke ndani ya duka la dawa. Kisha akasimama mlangoni.

"Hodi, mama."

Mwenye duka la dawa aliinua macho. "Karibu, jirani. Mama Msaada nipo."

Uso wa Kinyozi uliwaka moto. Hakujua kwamba mama yule alikuwa analijua jina lile. Kumbe alilijua tangu siku lilipozaliwa.

"Mama, nilikukosea," alisema. "Nilikucheka mbele ya watu. Na wewe ulikuja kwangu kwa wema."

"Iliniuma," mama alijibu. "Nisikufiche. Kuna siku nilitaka mjukuu wangu anyolewe, nikampeleka kinyozi wa mtaa wa pili, maana sikutaka kupita mlangoni kwako." Akamvutia kiti. "Haya, yamekwisha. Kaa. Unataka kujua nini?"

"Kila kitu. Nianzie wapi?"

"Anza kwa kutofanya kitu. Usiguse ukuta. Kazi ukiianza kabla ya kupewa idhini, halmashauri hailipi. Weka tu miti ya kuegemeza roshani, ili watu wawe salama. Hilo linaruhusiwa, ila waarifu. Kesho asubuhi nitakupeleka ofisini kwao."

Asubuhi ilipofika, walikwenda pamoja kwenye kitengo cha majengo ya kale. Afisa wa kitengo alikuwa kijana mwenye miwani, mchangamfu. Aliwapa viti, akamsikiliza Kinyozi mpaka mwisho.

"Mzee, naona unasema 'kuomba msaada' huku umeinamisha kichwa," alisema afisa. "Ngoja nikueleze. Nyumba ni yako. Lakini mtaa ule, watu wote wanauona kuwa ni wao. Wakija wageni, wanakuja kutazama roshani kama yako. Ikianguka, mji mzima umepoteza. Ndiyo maana fedha za umma zinatengwa. Halmashauri inatoa sehemu, na wewe unatoa sehemu. Hapo nani ameombaomba?"

Kinyozi akainua kichwa kidogo. "Na nikikosa sehemu yangu?"

"Kuna kazi unazoweza kufanya kwa mikono yako, ukielekezwa. Tutaandika hivyo kwenye makubaliano."

"Nikishakubaliwa, mnanipa fedha zote?"

"Hapana. Tunalipa kwa hatua. Fundi akimaliza hatua moja, tunakagua, tunalipa, anaendelea. Na kuna masharti. Hubadilishi sura ya nyumba. Huondoi roshani ukaweka ya zege. Halafu ukarabati ukiisha, unaitunza. Halmashauri nyingine zina taratibu zao, lakini hapa kwetu ndivyo ilivyo. Sasa, nyumba imeandikwa jina la nani?"

"La mama yangu."

"Basi ombi alitie saini yeye. Anajua habari hii?"

Kinyozi alitikisa kichwa. Mama yake hakuwa akijua lolote. Siku ya ajali walimwambia kile kishindo kilikuwa cha gari. Tangu hapo walimfungia madirisha ya mbele, wakisema ni kwa ajili ya vumbi.

Kinyozi alirudi nyumbani, akapanda ngazi taratibu. Mama yake alikuwa kitandani, amejifunika kanga mbili. Harufu ya ukungu ilijaa chumbani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza yote: saruji, bega la muuza mboga, notisi, hata lile jina la Mama Msaada. Alipomaliza hakuthubutu kumtazama.

"Nilijua si gari," mama alisema. "Gari halidondoshi nyanya. Nilimsikia yule mama akilia. Nikangoja mwanangu aje aniambie. Nimengoja sana."

"Nisamehe, Mama. Niliona haya."

"Lete kalamu," alisema mama.

Wiki iliyofuata afisa alikuja kukagua, akiwa na fundi mwashi aliyezoea nyumba za kale. Walipiga picha kila upande. Fundi aligonga ukuta kwa kinyundo kidogo, akasikiliza.

"Saruji hii alipaka nani?" aliuliza.

Kinyozi alitaka kusema, "Kuna fundi mmoja, alishahama." Maneno yalifika ulimini. Akamwona mkewe akimtazama.

"Mimi mwenyewe," alisema.

"Ndiyo iliyouponza ukuta," alisema fundi, bila ukali. "Ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Maji yakiingia, hutoka yenyewe jua likiwaka. Saruji ni ngumu, inaziba. Maji yakakosa pa kutokea nje, yakatokea chumbani kwa mama. Mengine yakabaki nyuma ya saruji, yakaisukuma mpaka ikabanduka."

"Kwa hiyo nilivyozidi kuutengeneza..."

"...ndivyo ulivyozidi kuuharibu. Si wewe peke yako. Wengi wanakosea hivyo."

Idhini haikuja haraka. Miezi ilipita. Roshani ilibaki imeegemezwa kwa miti, na utepe mbele yake. Fundi mmoja wa mtaani alikuja kumshawishi Kinyozi. "Nipe siku chache tu, naziba kwa saruji, hakuna atakayejua." Kinyozi alitamani sana. Kila siku ya notisi ile ilikuwa kama kofi. Lakini alimwambia, "Hapana, ndugu yangu. Nikianza leo, napoteza ruzuku. Na saruji nimeshaijua."

Hatimaye barua ya idhini ilifika. Kazi ya kwanza, ya kubandua saruji, ilikuwa ndiyo mchango wa Kinyozi. Fundi mwashi alimwonyesha jinsi ya kugonga polepole bila kuumiza mawe. Kinyozi akapanda jukwaa na patasi, mbele ya mtaa mzima, akaanza kubandua kile alichokipaka mwenyewe. Siku ya kwanza hakutazama chini.

Dereva wa lori akapita. "Kinyozi! Leo unanyoa ukuta?"

"Ndiyo!" Kinyozi alijibu kutoka juu. "Na huu sitauacha nusu!"

Barabara nzima ikacheka. Kinyozi naye akacheka, na safari hii hakuwa akificha kitu. Muuza mboga alikuwa miongoni mwa waliosimama, bega lake likiwa limepona.

"Mwanangu," alimpigia kelele, "bandua vizuri, ili na sisi tupite bila kuvaa sufuria kichwani!"

Ukuta uliachwa ukauke. Kisha mafundi wakaupaka lipu ya chokaa, tabaka juu ya tabaka. Fundi seremala aliishusha roshani, akabadilisha mbao zilizooza, akachonga maua mapya kwa kufuata yale ya zamani. Afisa alikuja kila hatua, akakagua, malipo yakatolewa. Siku ya mwisho notisi ilibanduliwa. Mvua zikaja. Ukuta ukalowa nje, ukakauka. Ndani hakikutokea hata doa moja. Usiku mama alilala bila kukohoa.

Mvua zilipokatika, mama alisema anataka kuiona nyumba kwa nje. Magoti yake yalikuwa hayawezi ngazi. Kinyozi na dereva wa lori walimketisha kwenye kiti wakamteremsha. Walimweka ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la dawa. Mwenye duka akamletea maji ya kunywa, akakaa kando yake.

Mama alitazama kwa muda mrefu. Alitazama roshani, kisha madirisha, kisha ukuta mweupe mpaka chini.

"Baba yako angefurahi," alisema. "Halafu angekuuliza ulikuwa unangoja nini miaka yote hii."

"Nilikuwa naona haya kuomba, Mama."

"Na huko kuomba kwenyewe kulikuchukua muda gani?"

Kinyozi alimtazama jirani yake, kisha akatazama chini.

"Asubuhi moja," alisema.