Nyuma ya Ua wa Mama Noah

Kila Jumamosi mama yake Shanice alirauka kuteremka Mwatate kuuza sukuma wiki na ndizi. Shanice alibaki nyumbani Mwanda akifua sare zake, akifagia na kuchemsha maharagwe. Walikuwa wamehamia milimani mwaka huo huo, baada ya baba yake kufariki. Hapo awali waliishi Mboghoni, kule Taveta, ambako jua ni kali na mashamba hunyweshwa kwa mifereji. Baba alizikwa huko.

Shuleni, Derrick alimtania kila mara. "Wewe wa mifereji, baridi utaizoea lini?" Lakini Derrick huyo huyo ndiye aliyemwambia kwamba ukipanda njia ya msituni hadi kwenye jiwe kubwa, siku isiyo na ukungu unaona mpaka upande wa Taveta. Maneno hayo yalimkaa Shanice moyoni.

Jumamosi moja, akianika sare, alitazama juu akaona mlima uko wazi, hauna hata wingu. Hakuwa amepanga kwenda popote. Aliepua maharagwe, akafunga mlango, akaanza kupanda.

Nyumba ya mwisho kabla ya msitu ilikuwa ya Mama Noah na mumewe, Mzee Obadiah. Kila aliyekwenda msituni kuokota kuni alipaza sauti pale kusalimu, na Mama Noah alimuuliza anakokwenda. Watoto ndio aliowahoji zaidi: unaenda wapi, na nani, mama anajua? Shanice aliyaona maswali hayo kama ya polisi. Aliinama, akapita polepole nyuma ya ua wa majani ya ng'ombe, hadi miti ikamficha.

Mwanzoni alifurahi. Kima waliruka matawini juu yake, na ardhi ilikuwa laini kama godoro. Lakini kabla hajafika kwenye jiwe, ukungu ulishuka. Ulikuja kimya, ukafunika miti, ukafunika njia, ukafunika hata viatu vyake. Aligeuka arudi. Njia ikagawanyika, kisha ikapotea kabisa. Manyunyu yakaanza kumlowesha.

Ndipo aliposikia maji. Moyo wake ukatulia, kwa maana baba alimfundisha akiwa mdogo: "Ukipotea, fuata mfereji. Maji huenda kwa watu." Kule Mboghoni ilikuwa kweli, kila mfereji uliishia kwenye shamba la mtu. Shanice akakifuata kijito. Hakufikiri kwamba maji ya mlimani hayakuchimbiwa njia na yeyote. Yalizidi kwenda kasi, mawe yakazidi utelezi, kisha kijito kikatoweka mbele yake, kikiporomoka gengeni. Shanice aliteleza. Alidaka mzizi, ukakatika, akaangukia ukingo mwembamba wa mwamba. Kifundo cha mguu kiliteguka. Chini yake hakuona mwisho, ila weupe mtupu.

Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Maji yaliimeza.

Mama aliporudi alikuta mlango umefungwa na maharagwe yamepoa. Alikimbia kwa Mama Noah kuuliza kama binti yake amepita. Mama Noah alikuwa ameshinda uani akipukuchua mahindi. Alijibu, na aliamini alichokisema, kwamba mtoto hakupita pale. Basi msitu ukaachwa. Mama akakumbuka jinsi Shanice alivyokuwa akilia kutaka kulitembelea kaburi la baba. Majirani wakateremka barabarani kuwauliza makondakta, wengine wakapiga simu Mboghoni.

Kule gengeni Shanice alisikia jina lake likiitwa mbali sana, upande wa barabara, likizidi kufifia. Akaelewa kwamba wanamtafuta asikokuwa. Akaelewa na sababu yake.

Jua likikaribia kuzama, Mzee Obadiah alikwenda nyuma ya ua kumkatia ng'ombe majani. Akaona nyayo ndogo kwenye tope. Aliita watu, lakini hakuwangoja. Alizifuata nyayo hadi kijitoni, akiita, mpaka akasikia kilio chembamba kutoka chini. Alishuka kwa mikono na magoti. Alimvisha koti lake, na wanaume walipofika na kamba, akawapandishia mtoto. Alipokuwa akipanda mwenyewe, jiwe aliloshika likang'oka. Mti ulimzuia asifike chini kabisa, lakini Shanice aliusikia mfupa wa mzee ukivunjika.

Hospitalini Mzee Obadiah alitiwa chuma mguuni. Daktari alisema hatalima msimu huo, na mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza. Mama hakumpiga Shanice wala kumgombeza. Alimkanda mguu kwa maji ya moto, machozi yakimdondoka kimya, na hilo lilimuuma Shanice kuliko fimbo.

Mguu ulipopona, Shanice alikwenda kwa Mama Noah. Mama yake alitaka kumsindikiza, akamwomba aende peke yake.

"Shikamoo, Mama Noah."

"Marahaba." Hakumkaribisha kiti.

"Nilipita nyuma ya ua. Sikutaka uniulize. Mzee ameumia kwa sababu yangu. Naomba nilime sehemu yake kila nikitoka shule, mpaka apone."

Mama Noah alimkazia macho. "Ulidhani nawauliza watoto ili niwazuie?"

"Ndiyo."

"Msitu si wangu, mwanangu. Nauliza ili siku mtu asiporudi, nijue pa kumtafuta. Siku ile mama yako aliniuliza, nikamwapia kwamba hukupita. Kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuacha gengeni. Sijalala vizuri tangu hapo." Alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Mtu akiondoka bila kuaga, hata wanaompenda humtafuta asikokuwa. Nenda utembee, uone dunia. Lakini aga kwanza."

Kutoka ndani, Mzee Obadiah alikohoa. "Mpe jembe, mama. Maneno hayaoti."

Mama Noah alitabasamu kwa mara ya kwanza, akaliendea jembe. Kabla ya kulipokea, Shanice aliomba simu, akampigia mama yake kumwambia kwamba anakwenda shamba la chini la Mzee Obadiah, na kwamba atarudi jioni.