Mtambo wa Spika Tano na Saa ya Kananu

Sogeeni karibu, wenzangu, na hasa wewe unayedhani nyumba haijakamilika mpaka sebule ijae mitambo. Nataka niwaonyeshe nyumba moja ya pale Kutus, jinsi ilivyokuwa kabla mwenyewe hajaingiwa na tamaa ya kutazamwa.

Miaka ile ya tisini, ukipita kwa seremala Muchangi Jumapili mchana baada ya kanisa, ungeisikia redio kabla ya kuuona mlango. Ilikuwa redio ya sanduku la mbao. Baba yake aliinunua mwaka ambao kahawa ililipa vizuri, na juu yake palitandikwa kitambaa cheupe alichokifuma Kananu, mke wa Muchangi. Ukiiwasha, kioo kiliwaka mwanga wa manjano, redio ikanyamaza kidogo ikipata joto, ndipo ikasema. Majirani walikuja na vigoda vyao. Githeri, mahindi na maharagwe, ilipakuliwa, chai ikamiminwa, na matangazo ya vifo yakianza kila mtu alishusha kikombe. Ah, siku zile! Chai ya birika moja ilitosha mchana mzima, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote.

Saa saba na nusu, kila siku, ilikuwa saa ya Kananu. Yeye ni mzaliwa wa Marimanti, kule Tharaka, na kwa nusu saa redio ilisema lugha ya kwao. Majirani hawakuelewa hata neno, lakini walinyamaza kwa heshima. Baba yake alikuwa mzee sana, na nyumbani kwao hakukuwa na simu. Kaka yake, Murithi, alimwambia mara ya mwisho alipokuja kumtembelea: "Kananu, jambo likitokea nitalitangaza kwa redio. Wewe usikose tu hiyo saa." Miaka minne hakuikosa. Akiwa shambani alitupa jembe, akiwa anafua aliziacha nguo kwenye povu akakimbia.

Mambo yaliharibika siku mwalimu Kihara, jirani wa ng'ambo ya barabara, alipoleta televisheni ya rangi. Ya Muchangi ilikuwa ndogo, isiyo na rangi, na hakuna aliyeijali. Mnawajua watu. Jumapili ya kwanza vigoda vilipungua kwa Muchangi. Jumapili ya tatu alibaki yeye, mkewe na sufuria ya githeri. Badala ya kufurahia kukaa na mke wake, mtu mzima akanuna!

"Mama Wawira," akamwambia mkewe, "hawa watu watarudi. Nitaleta sinema hapa ndani. Sauti itoke mbele, itoke nyuma, itoke kando. Kihara ataisikia akiwa kwake."

"Na hii redio?" Kananu akauliza.

"Hii ni kitu ya wazee."

Wakaenda wote wawili mpaka Nanyuki, kwa Abdirashid, mfanyabiashara aliyenunua vyombo vya wanajeshi na wenye mashamba makubwa waliokuwa wakirudi kwao Ulaya. Muchangi alibeba redio ya baba yake ndani ya gunia, aiongeze juu ya pesa. Dukani macho yake yalienda moja kwa moja kwenye mtambo mweusi, mpana, wenye taa za bluu zinazopanda na kushuka, na spika tano. Kananu alimtazama mume wake akiupapasa, akajua safari imekwisha kabla haijaanza.

Lakini Abdirashid hakuwa mtu wa kuuza tu.

"Ndugu yangu, nijibu kwanza," alisema. "TV yako huko nyuma iko na matundu gani?"

"Matundu?"

"Ya kutoa sauti. Moja nyekundu, moja nyeupe. Huu mtambo haupati sauti ya TV mpaka TV yenyewe iitoe kwa waya. Kama yako iko na tundu ya antena peke yake, hizi spika zitakaa kimya tu." Akaigeuza mitambo miwili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wakaona migongo. "Watu wanaangalia mbele pekee, halafu wananirudia na malalamiko. Rudi nyumbani uangalie, uniletee jibu. Huu mdogo hauna makelele, lakini unapokea karibu kila kitu, na redio yake ni nzuri."

"Hiyo ndogo iko na wati ngapi?"

"Sitini."

"Na hii kubwa?"

"Mia tano."

"Basi tumemaliza," Muchangi akasema. "Nimetoka Kutus mpaka hapa nirudi mikono mitupu, ati kwa sababu ya matundu?"

Kananu hakuwa na desturi ya kuingilia maneno ya wanaume dukani, lakini siku hiyo aliingilia. "Huu mkubwa utashika saa ya kwetu? Ile ya saa saba na nusu?"

"Mama, wewe ndiye umeuliza swali," Abdirashid akasema. Akatoa kifremu cha plastiki kilichozungushiwa waya mwembamba. "Utashika, ukifunga hiki nyuma. Hili ndilo sikio lake kwa stesheni zenu za zamani. Bila hiki mtasikia mvua tu."

Muchangi akaangua kicheko. "Hiyo kitu niiweke sebuleni? Wageni waseme nimetega panya?" Akakisukuma kile kifremu kikarudi kwa mwenye duka. Redio ya mbao ikashushwa chini ya kaunta, kitambaa kikiwa bado juu yake. Kananu akanyoosha mkono.

"Kitambaa ni changu," akasema. Akakikunja, akakitia mkobani.

Nyumbani, Muchangi aliivuta televisheni yake ndogo mbele, akachungulia nyuma kwa mara ya kwanza tangu ainunue. Tundu moja. La antena. Spika tano zikakaa kwenye pembe za sebule bila kusema, na televisheni ikaendelea kukoroma kwa kispika chake. Kilichofanya kazi ni kaseti moja iliyokuja na mtambo, ya ngurumo za radi na treni inayopita. Jumapili hiyo majirani walijaa. Treni ilipita kutoka nyuma kwenda mbele, wakapiga makofi. Ikapita tena. Mtoto wa jirani yao Murugi akalia kwa hofu, na kabla chai haijaiva watu walikuwa wamerudi kwa Kihara kuangalia mpira.

Na redio? Ilikuwa kama alivyosema Abdirashid. Shhhh, asubuhi mpaka jioni.

"Baba Wawira," Kananu alisema siku ya pili, "saa ya kwetu haishiki. Wacha niende kwa Murugi nisikilize kwa karedio kake."

"Mke wangu aombe redio kwa jirani, na mimi niko na wati mia tano hapa? Watu watasema nini? Ngoja. Nitatafuta fundi."

Hapa ndipo Muchangi ananiudhi, wenzangu. Kununua vibaya si dhambi, sote tumewahi kununua vibaya. Lakini kumfungia mwenzako njia kwa sababu ya midomo ya majirani! Kananu aliheshimu neno la mumewe, akangoja. Kila siku saa saba na nusu aliuwasha ule mtambo, akageuza kitufe taratibu, akasikiliza shhhh kwa nusu saa nzima, akitumaini kwamba katikati yake litatoka neno moja la kwao. Fundi hakutafutwa.

Huo ulikuwa mwisho wa mwaka wa tisini na saba, wakati wa mvua za Elninyo. Mito ilijaa, madaraja yakabebwa, nguzo za simu zikalala. Kwa wiki kadhaa hakuna gari lililotoka Tharaka; aliyelazimika alivuka kwa miguu, akishika kamba. Mvua ilipopungua, muuzaji wa kwanza wa ndengu na mawele kutoka huko alifika soko la Kutus. Alikuwa Jeniffer, aliyesoma na Kananu shule ya msingi. Alipomwona, aliacha kupima, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, Kananu. Pole sana kwa mzee."

"Mzee yupi?"

Jeniffer akaikaza ile mikono. Kisha akasema, "Uui, mama yangu! Hukusikia? Murithi alitangaza siku nne. Jina lako lilisomwa la kwanza. Siku ya mazishi walikungoja mpaka saa kumi, jeneza likiwa juu ya viti. Murithi alisimama njiani na mwavuli, anaangalia kama utatokea. Mvua ikaja, ikabidi wazike. Leo ni wiki mbili."

Kananu hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Saa kumi?" Akaacha kikapu chake pale, akaenda nyumbani kwa miguu ambayo hakuisikia.

Muchangi alikuwa akipangusa vumbi kwenye zile taa za bluu. Kananu alisimama mlangoni.

"Baba amekufa. Wamemzika wiki mbili zilizopita, na wamenitangaza siku nne." Machozi yakamshinda. "Wati mia tano, Baba Wawira! Mia tano, na haukuweza kuninong'oneza jina la baba yangu!"

Kitambaa cha vumbi kikamwanguka Muchangi. Hakula siku hiyo, na kulipopambazuka alikuwa ameshatoka.

Abdirashid alipomwona akiingia, alivuta droo, akatoa kile kifremu, kikiwa kimefungwa kwa gazeti. "Nilijua utarudi," alisema. "Nilidhani utarudi mapema." Muchangi akaulizia redio ya baba yake. Ilikuwa imeshakwenda na mchuuzi wa ng'ombe upande wa Isiolo, na hakuna aliyejua boma lake. Seremala akasimama pale kaunta, akalia mbele ya wateja.

Alipofika nyumbani alikifunga kifremu mwenyewe, akakiweka dirishani, mahali ambapo kila mgeni angekiona. Siku mbili walikaa kimya wakisikiliza saa saba na nusu. Siku ya tatu mtangazaji akasoma shukrani za familia ya marehemu Mzee M'Ikiara wa Marimanti, baba yake Kananu: kwa kanisa, kwa majirani, kwa waliochimba kaburi kwenye mvua. Mara Kananu akashika mdomo kwa viganja viwili. Muchangi, ambaye hakuijua lugha ile, akangoja mpaka tangazo likaisha.

"Wamesema nini?"

"Wamesema: Kananu, binti yetu uliye Kutus, tunajua ni maji yaliyokuzuia. Udongo wako tumeuacha kando ya kaburi, tumeufunika kwa karai usichukuliwe na mvua. Njoo uutie kwa mkono wako."

Muchangi akainamisha kichwa. "Maji," akasema. "Wanadhani ni maji."

Daraja lilipopitika walikwenda. Wazee wa Marimanti walikuwa wamekaa, Murithi akawaongoza mpaka kaburini, akainua karai. Udongo ulikuwa mkavu kabisa, mwekundu, umejikusanya. Kananu akapiga magoti. Alipouchota, Muchangi akavua kofia mbele ya wakwe zake wote.

"Kabla hajatia," akasema, "niko na neno. Haikuwa maji. Maji mnayasingizia bure. Ni mimi."

Murithi akamgeukia dada yake.

"Tia, Kananu," akasema. "Alikungoja sana."

Akatia, mkono mmoja, halafu wa pili. Vidole vyote vilipokuwa vyekundu, akakitoa mkobani kile kitambaa cheupe, akajifutia. Mpaka leo hajakifua, na juu ya ule mtambo hakijawahi kuwekwa.

FUNZO

Wenzangu, ukienda kununua chombo cha nyumbani, usiulize kwanza kitapiga kelele kiasi gani. Uliza kitapokea nini, na ni nani nyumbani kwako anayekitegemea, kwa jambo gani. Geuza mgongo wake uutazame. Mwenye duka mwaminifu akikuonya, nyamaza umsikilize, na mke wako akiuliza swali dukani, jua kwamba huenda ndilo swali pekee lenye maana. Na ukishakosea, kubali siku ileile. Muchangi angemruhusu Kananu avuke tu mpaka kwa Murugi, angekuwa amefika Marimanti, hata kama ni kwa miguu, kabla ya saa kumi. Majirani aliowaogopa hawakuwa hata wakimfikiria. Walikuwa wakiangalia mpira.