Nani Kainyoosha Sauti Yangu?

"Nani kainyoosha sauti yangu?"

Chiriku hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa studio, simu mkononi, wimbo bado unalia. Radi alikuwa ameketi juu ya spika, gitaa la umeme mapajani.

"Mpenzi! Umeona watu walivyopagawa huko mtandaoni?"

"Nimekuuliza swali."

Jina la Radi lilitokana na kelele za gitaa lake la roki. Chiriku alipewa lake kwa sababu ya koo lake, tamu kama la ndege. Aliimba raga, muziki wa kale wa Kihindi aliorithishwa na mama yake tangu utotoni. Ndugu walipiga kelele waliposikia anauchanganya na magitaa ya umeme, wakasema anachafua urithi. Mama peke yake ndiye aliyewatetea wapenzi hawa. Aliwapa sharti moja tu: changanyeni mtakavyo, ila sauti inapoteleza toka noti hadi noti, kama raga inavyotaka, msiiguse. Asubuhi hii wimbo ulikuwa umetoka, na harusi ilikuwa mwezi ujao.

"Kunyoosha vipi tena?" Radi akajichekesha.

"Usinifanye mtoto. Pale juu huwa nashuka kwa kuteleza, polepole, mpaka natua. Humu nashuka kama mtu anayeteremka ngazi!"

"Ah, hiyo itakuwa kazi ya fundi mitambo. Unamjua yule, mikono haitulii. Na kompyuta za siku hizi zinasahihisha zenyewe."

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Mama: "Mwanangu, nimeusikiliza wimbo wenu mara mbili. Huyo anayeimba ni nani?"

Mama aliyegombana na ukoo mzima kwa ajili yake, leo hamtambui! Chiriku akampigia fundi mitambo palepale, akaweka sauti ya nje.

"Kaka, nani kakwambia uinyooshe sauti yangu?"

"Dada, mimi nilikataa! Nikamwambia mwenzio, hili si kosa, raga ndivyo ilivyo. Akasema ukiteleza hivyo gitaa lake linaachwa nyuma, ataonekana hajui kupiga. Akanisimamia kichwani mpaka nikamaliza. Kwani hakukwambia?"

Njia ya mwongo fupi, na ya huyu haikufika hata mlangoni. Radi akainamia gitaa, akajifanya anakaza nyuzi.

"Nyuzi za gitaa nazo zinavutika zikateleza," Chiriku alisema, sauti ikitetemeka kwa hasira. "Nilikushika kidole nikakuonyesha. Ukasema unaumia."

"Nilijaribu! Haikutoka vizuri."

"Ungeniambia tungoje! Ningekaa nawe hata mwaka mzima. Badala ya kujifunza kunifuata, umenikata miguu tulingane?"

"Sasa kosa liko wapi? Watu wameupenda! Tukishaoana tutarekodi mwingine, utateleza mpaka uchoke."

Mwanaume mzima, gitaa mapajani, anaongea upuuzi wa namna hiyo!

"Tukishaoana? Hata pete sijavaa, umeshanisahihisha. Nikiingia ndani si utanifuta kabisa?"

"Punguza hasira, mama. Wewe ndiye nyota humo."

Akaunti ya mtandaoni ilikuwa yao wote wawili. Chiriku akaifungua kwenye simu, akautafuta wimbo, akabonyeza futa. Simu ikauliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena.

Radi aliruka kutoka kwenye spika, gitaa likapiga sakafu likavuma.

"Umefanya nini? Umeua kazi yetu!"

"Yetu? Mle mimi sikuwemo. Hata aliyenizaa kanitafuta hakuniona."

"Chiriku, subiri. Nisamehe, tuongee basi. Watu wameshaalikwa! Harusi je?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, ila sauti yake ilikuwa imetulia.

"Harusi ipo. Mtafute huyo anayeimba humo, umuoe."