Kitambaa cha Kompyuta

Kitu cha kwanza alichokiona Amna Jumamosi ile kilikuwa kidogo sana. Uzi mmoja wa pembeni ya kitambaa chake ulikuwa mfupi kuliko wenzake.

Alikuwa amekaa kitandani, blanketi mabegani, kwa sababu baridi ya Mbeya ya mwezi wa tano haina adabu. Alikitandaza kitambaa juu ya magoti, akazipitia kwa kidole nyuzi za kijani zilizoning'inia. Zote zilikuwa na urefu wa kidole chake cha kati. Huo mmoja haukufika hata nusu, na ncha yake ilikuwa imechanika kama iliyotafunwa. "Panya hawa," alinong'ona. Akakikunja kitambaa, akakirudisha chini ya godoro, akaenda kuwasha jiko.

Amna alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kwao ni Chunya, ambako mama yake, Mwanaidi, huwapikia wachimbaji wa dhahabu. Tangu Januari alikuwa akiishi mtaa wa Soweto, jijini Mbeya, kwa mama yake mdogo, Zuena, ili asome. Kila asubuhi alichemsha chai, akafagia, akapiga deki, kisha akafuta vumbi kila mahali isipokuwa mahali pamoja tu: meza ya mamdogo.

Zuena alikuwa mtengenezaji wa tovuti, na meza ile iliyo karibu na dirisha ndiyo iliyokuwa ofisi yake. Juu yake palikuwa na kompyuta mpakato, kifaa cha mtandao, saa ya mkononi inayohesabu hatua, na simu tatu. Simu mbili zilikuwa kuukuu, na moja kioo chake kilikuwa kimepasuka.

"Hawa ndio wakaguzi wangu," Zuena alipenda kusema. "Ukurasa ukifunguka vizuri kwenye hii iliyopasuka, utafunguka kwa bibi yeyote kule Usangu."

Alikuwa na sharti moja: "Meza yangu usiiguse. Ukiona kitu, niambie."

Mwanzoni Amna aliiogopa hata hiyo kompyuta. Siku moja aliona maneno mekundu yamejaa kwenye kioo, akadhani mamdogo anatukanwa.

"Inakugombeza?" aliuliza kutokea mlangoni.

Zuena alicheka. "Hapana, inakiri. Inasema nimekwama hapa, mstari wa arobaini na mbili. Maneno mekundu ni rafiki yangu, Amna."

Lakini siku za kucheka namna hiyo zilikuwa chache. Mara nyingi Zuena aliketi saa nzima bila neno, amekunja uso, macho kwenye kioo. Ukimwuliza jambo, alijibu "mm." Amna hakuuliza mara ya pili. Alitembea kwa ncha za vidole, akijiuliza ni kosa gani amefanya.

Ndiyo maana, Idi ilipokaribia, aliamua kumfumia mamdogo zawadi. Katika nyumba ile televisheni ilikuwa na kitambaa cha kufuma, redio ilikuwa na chake, viti navyo vimevishwa migongoni. Kompyuta peke yake ilikaa uchi katika baridi ile. Rafiki yake Tupokigwe, binti wa nyumba ya pili, alimpa nyuzi za sufu za kijani, na Amna akafuma kwa siri. Kila Zuena alipoingia kuoga, Amna aliivisha kompyuta haraka kupima ukubwa, kisha akakivua kitambaa.

Siku ya Ijumaa mchana, Amna akiwa ametoka shule, Zuena alikwenda dukani, akaiacha kompyuta ikiendelea na kazi. Amna akaivisha vizuri, akachomeka nyuzi za pembeni kwa chini ili kitambaa kisiteleze. "Haya, sasa jisikie raha," aliiambia. Mara maharage yakaanza kuungua jikoni, akakimbia huko, akasahau. Aliposikia lango linalia, alirudi mbio akakivuta kitambaa kwa nguvu. Kompyuta ilikuwa ya moto kama mkate uliotoka kwenye tanuri. Ilitoa mlio, krrr, kisha ikatulia.

Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi. Zuena aliweka kikombe cha chai mezani, akaiwasha kompyuta.

"Angalau leo haivumi," alisema. "Imetulia kama maji ya mtungi."

Baada ya dakika kumi kioo kikawa cheusi.

Zuena aliiwasha tena. Ikazima. Akabadilisha soketi ya umeme. Ikawaka, ikazima. Mara ya nne aliegemea kiti, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ee Mola wangu. Si leo."

"Kuna nini, mamdogo?" Amna aliuliza kwa sauti ndogo.

"Saa nane mchana natakiwa kuwaonyesha watu wa kituo cha afya kule Iringa tovuti yao. Ni ya akina mama kujua siku za chanjo na kliniki bila kupanda gari kwanza. Tangu Alhamisi mvua imesumbua mtandao, sijapandisha kazi. Kazi yote ya siku mbili iko humu ndani tu." Aliigonga kompyuta kwa kidole, akaondoa mkono upesi. "Na ina moto! Hii ni betri. Ni ile betri aliyoniwekea Gideoni wiki iliyopita. Kamwite, mwambie aje sasa hivi."

Amna alitoka bila sweta. Njiani ndipo uzi mfupi ulipomrudia akilini. Alisimama katikati ya njia, manyunyu yakimlowesha. Halikuwa jino la panya. Alikumbuka ule mlio, krrr.

Tupokigwe alikuwa bombani. Amna alimweleza yote, maneno yakigongana.

"Weee! Umeua kompyuta ya watu!" Tupokigwe aliziba mdomo. "Binamu yangu alivunja simu ya mjomba, alipandishwa basi la asubuhi hiyo hiyo. Utarudi Chunya, mwenzangu, ukale vumbi."

"Usiseme hivyo, Tupo."

"Basi nyamaza. Nani alikuona? Kitambaa kitie kwenye jiko, kiungue, imekwisha. Na usinitaje mimi na nyuzi zangu!"

Gideoni, fundi wa simu na kompyuta, alikuwa na kibanda karibu na soko. Alikuwa mtu mzima mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. "Shikamoo, fundi," Amna alisema, na hakuweza kumtazama usoni. Gideoni alichukua mkoba wake, akafuatana naye.

Wakati fundi anakagua kompyuta, Amna aliingia chumbani, akakitoa kitambaa chini ya godoro. Jikoni makaa yalikuwa mekundu bado. Alikisogeza mpaka akahisi joto kwenye vidole. Siku kumi na tisa za kufuma. Aliyatazama makaa. Yalimkumbusha yale maneno mekundu, na mkono wake ukagoma. Alikificha kitambaa ndani ya gauni, akarudi kusimama mlangoni.

Gideoni alikuwa ameichomoa betri, ameiendesha kompyuta kwa waya wa umeme peke yake. Ilizima vilevile.

"Dada Zuena, kwa uaminifu, betri ni nzima," alisema.

"Nzima vipi, kaka Gideoni? Kabla hujaigusa ilikuwa inafanya kazi. Umeigusa, sasa inaungua. Nani mwingine ameigusa?"

Amna alikibana kitambaa ndani ya gauni.

"Mimi nina miaka kumi na miwili sokoni pale," Gideoni alisema polepole. "Sijawahi kumwekea mtu kitu kibovu."

"Basi leo umeanza. Nimekuletea wateja wangapi mimi? Sitaleta tena. Nitaipeleka kwa fundi mwingine mjini, hata kama ataniambia nirudi Jumatatu. Watu wa Iringa watanisamehe au hawatanisamehe, nitafanyaje?"

Gideoni alianza kurudisha bisibisi zake mkobani, moja moja. Ya mwisho ilimponyoka ikaanguka sakafuni, akainama kuitafuta chini ya meza, mzee wa watu, miwani imemteleza puani.

Amna alitaka kusema. Alifungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Basi miguu ikatangulia. Alikwenda mpaka kwenye ile meza asiyoruhusiwa kuigusa, akakitoa kitambaa ndani ya gauni, akakiweka juu yake, uzi mfupi ukiwa juu.

"Ni mimi," alisema. "Si fundi. Ni mimi."

Zuena alikitazama kitambaa, kisha akamtazama yeye. "Hiki ni nini?"

"Nguo yake. Ya Idi. Niliivisha jana ikiwa inafanya kazi, nikasahau. Uzi... nadhani uzi uko ndani." Machozi yalimdondoka, lakini hakuyafuta. "Niliigusa meza. Fundi hana kosa."

Mvua ilisikika kwenye bati. Gideoni aliinuka na bisibisi yake, akaigeuza kompyuta, akafungua kifuniko cha chini skrubu kwa skrubu. Akawasha tochi ya simu.

"Aha," alisema.

Kwa kibanio chembamba alivuta kitu. Kikaja polepole: uzi wa kijani, umejizungusha kwenye feni kama unavyojizungusha kwenye kigurudumu cha cherehani, na manyoya ya sufu yameziba matundu yote.

"Dada Zuena, kompyuta yako ilikuwa inafuma sweta," Gideoni alisema. "Baridi hii, ungeiacha wiki ingemaliza na mikono."

Zuena alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika meza. Amna hakujua kama naye anaruhusiwa kucheka.

Fundi alisafisha matundu, akafunga skrubu, akairudisha betri. Feni ikaanza kuvuma. Amna hakuwahi kufikiri angeupenda mvumo ule. Dakika kumi zikapita, ishirini, kioo kikabaki kinang'aa. Kitu cha kwanza alichofanya Zuena kilikuwa kupandisha kazi yake yote mtandaoni. Cha pili, alisimama, akamgeukia Gideoni.

"Kaka, nimekuvunjia heshima mbele ya mtoto. Nisamehe. Nilikuhukumu kabla sijafungua nikaona."

"Yamekwisha, dada. Ila mwambie huyu binti anifumie mimi kofia. Kichwa changu hakina feni."

Saa nane Zuena alizungumza na watu wa Iringa kupitia kompyuta, Amna akiwa amekaa kimya kwenye mkeka. Muuguzi mkuu wa kituo, mama aliyeitwa Kalista, alitoa simu yake ndogo, akaufungua ukurasa wa kliniki mbele yao.

"Umefunguka hata kwa kitochi changu hiki!" alisema. "Wiki iliyopita mama mmoja alitoka mbali na mtoto mgongoni, akafika siku isiyo ya chanjo. Huyo sasa hatasumbuka tena."

Mazungumzo yalipoisha, Zuena alimwita Amna, akamkalisha karibu na meza, mahali ambapo hakuwahi kuketi.

"Unayakumbuka maneno mekundu?" aliuliza.

"Ndiyo. Inakiri."

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nakosea kila siku. Hakuna mtu wa kazi hii asiyekosea. Kosa linalojitokeza na kusema 'niko hapa' nalirekebisha kabla chai haijapoa. Linaloniumiza ni lile linalonyamaza, kwa sababu nalitafuta mahali ambapo halipo, na njiani naumiza wasiohusika. Leo ulikosea mara mbili: uliigusa meza, na ulinyamaza asubuhi nzima. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, maana fundi Gideoni karibu apoteze jina lake sokoni. Lakini ulisema ukiwa unatetemeka, na hapo ndipo dawa ikapatikana. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti haitoki. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mamdogo."

Zuena alikichukua kitambaa cha kijani, akakipitisha mikononi, akautazama ule uzi mfupi. Kisha akakitandaza juu ya ile simu iliyopasuka kioo. Kilikuwa kikubwa mno kwake, kikaifunika kama shuka juu ya mtoto mchanga.

"Huyu mkaguzi hana feni," alisema. "Atavaa. Na kazi yangu ina kanuni moja nyingine. Makosa huja kwa ndugu. Ukilitoa moja, unauliza kama limemwacha mwenzake ndani." Alimtazama Amna. "Kuna lingine?"

Amna alitazama sakafu. Mara zote kabla ya siku ile angesema hakuna. Nje mvua ilikuwa imekatika, na feni ilivuma taratibu.

Zuena alisubiri. Kisha akafanya jambo ambalo Amna hakuwahi kumwona akilifanya kazi ikiwa haijaisha. Aliifunga kompyuta, akageuza kiti, wakatazamana.

"Mamdogo," Amna alisema, "ukinyamaza mimi nakuogopa. Kila siku. Nadhani unapanga lini utanirudisha Chunya."